Mguu Usiouma

Msikilizaji wetu wa Kitangari, nawe wa Newala na Masasi. Leo nina neno na mgonjwa aliyerudi nyumbani na vyuma kwenye kifundo cha mguu, na kisukari anacho tangu zamani.

Mzee wangu, jirani aliyevunjika kama wewe huenda aliruhusiwa kukanyaga baada ya wiki 6 hivi. Wewe daktari anaweza kukuzuia hata miezi 3. Usidhani amekusahau. Sukari ikiwa juu, mfupa huunga polepole na kidonda huchelewa kufunga. Tena mishipa ya fahamu ikishaharibika, mguu hufa ganzi: unakanyaga, huumii, kumbe skrubu zinalegea ndani.

Basi macho yafanye kazi ya maumivu. Kila asubuhi mjukuu akushikie kioo chini ya unyayo. Tazama kati ya vidole, tazama mshono: wekundu, joto, uvimbe mpya, usaha. Ukiona kimojawapo, safari ya hospitali ni leo, si baada ya mnada wa korosho.

Nanyi mnaokuja kumpa pole, Mungu awabariki, lakini soda zote hizo za nini? Mleteeni mayai, kunde, mchicha. Pombe ya uraka ndiyo kabisa, ipite mbali.

Halafu magongo. Mchanga wetu huu humeza ncha zake, kwa hiyo mgonjwa akienda chooni usiku asindikizwe, na taa iwashwe.