Siri Zilizofika kwa Wenye Matangazo

Mtu akisumbuliwa na ndoto ile ile usiku baada ya usiku, au moyo ukimwelemea na hana wa kumwambia, simu ndiyo iliyo karibu naye. Hakuna aibu hapo. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache kwetu, nauli ni mzigo, na ukionekana umekaa kwenye benchi la kitengo kile cha hospitali, mtaani maneno hayaishi. Kwa hiyo sisimulii kisa kinachofuata ili kukutia hofu ya kutafuta msaada kwa njia ya simu. Nakisimulia ili ukiutafuta, utafute ukiwa macho.

BetterHelp ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 2013. Humkutanisha mteja na mshauri nasaha kwa ujumbe, kwa simu au kwa video, na wakati wa mambo haya malipo yalikuwa kama dola 60 hadi 90 kwa wiki. Ilikuwa pia na huduma zenye majina ya pekee: moja ya Wakristo, nyingine ya vijana wa miaka 13 hadi 19. Mtu akijulikana tu kwamba amejiandikisha huko, tayari jambo lake la ndani limejulikana.

Machi 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza mashtaka yake dhidi ya kampuni hiyo. Ilisema kwamba anwani za barua pepe za wateja, pamoja na baadhi ya majibu yao kuhusu afya, zilipelekwa Facebook, Snapchat, Criteo na Pinterest kwa ajili ya matangazo ya biashara. Kati ya 2017 na 2018 Facebook peke yake ilipelekewa anwani zaidi ya milioni 7, na zaidi ya milioni 4 kati ya hizo zikalinganishwa na akaunti za wenyewe. Ni kweli kwamba anwani zilifichwa kwa msimbo kabla ya kutumwa. Lakini Facebook ilikuwa na uwezo wa kuzitambua, maana lengo lilikuwa hilo hilo: imjue mtu huyu, kisha iwatafute wengine wanaofanana naye ili nao waonyeshwe tangazo. Hata habari kwamba fulani amewahi kupata ushauri nasaha huko nyuma ilitumika katika kazi hiyo.

Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8 bila kukiri kosa, na waliokuwa wateja wake walianza kurudishiwa sehemu ya fedha mwaka 2024.

Ninachotaka tukitazame kwa makini ni dalili, kwa sababu zilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Mteja alipofungua huduma ile, alipokelewa na dodoso kabla ya kumwona mshauri yeyote. Je, unajisikia huzuni? Umewahi kupata ushauri kabla? Unatumia dawa? Umewahi kufikiria kujiua? Tafakari hapo. Nani anauliza? Hakuna jina, hakuna sura, hakuna mtu aliyekula kiapo cha kazi yake. Hata hivyo watu walijibu, na mimi nadhani ningejibu, maana mwenye maumivu akiulizwa swali sahihi hufunguka kabla hajamwangalia anayemuuliza.

Karibu na mahali pa kuandika anwani ya barua pepe paliwekwa maneno ya kumtuliza mteja kwamba habari zake zitabaki siri. Palikuwa pia na nembo iliyoashiria kwamba kampuni inafuata sheria ya Marekani ya kulinda taarifa za wagonjwa. Tume ilieleza kwamba hakuna chombo chochote cha serikali kilichokuwa kimekagua na kuthibitisha hilo. Nembo yoyote anaweza kuichora. Swali la kuuliza ni nani ameitoa, na baada ya kukagua nini.

Ndani ya kampuni nako hali ilikuwa ya kusikitisha. Kwa mujibu wa tume, mwaka 2017 maamuzi mengi kuhusu matangazo ya Facebook yaliachiwa mfanyakazi mdogo aliyetoka chuoni karibuni, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya masoko wala kufunzwa vya kutosha kulinda habari za afya. Simlaumu kijana yule. Nawalaumu waliomkabidhi siri za watu kana kwamba ni orodha ya wateja wa sabuni.

Sasa tuje kwetu, kwenye makundi ya WhatsApp ambamo watu huandika ndoto zao asubuhi wakingoja tafsiri. Ndoto humfichua mtu kuliko dodoso: ina majina, ina marehemu, ina mambo ya ndoa. Nabii Yaakub alimwonya mwanawe Yusuf asiwasimulie nduguze ndoto yake, nao walikuwa nyumba moja. Kundini wamo watu ambao hujawahi kuwaona, na picha ya skrini huchukua sekunde moja.

Daktari wa akili Montague Ullman wa New York alifundisha watu wa kawaida kushirikiana ndoto katika vikundi vidogo, na aliweka kinga ambazo tungefaidika nazo. Mwenye ndoto ndiye anayeamua aseme kiasi gani, na anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Wasikilizaji hawamtafsirii; kila mmoja husema, kama ndoto hii ingekuwa yangu, ningeiona hivi. Ukiona kundi ambamo mtu mmoja anatoa hukumu kwa kila ndoto, kisha anakuita pembeni kwa malipo, jitoe.

Kabla ya kuandika, muulize msimamizi ni kina nani wamo na nani huwaingiza. Mshauri wa mbali mwombe jina kamili na namba ya usajili, kisha ihakiki kwa bodi husika. Ndoto ukiisimulia, ondoa majina ya watu. Na kama inakutisha hadi unaogopa kulala, au umeanza kuwaza kujidhuru, usiipeleke kundini. Mpigie leo hii mtu mmoja unayemwamini, akusindikize hospitali.