Mwenyeji Si Mwenye Ploti

Pita Kileleshwa, Kilimani au Lavington na huenda ukakuta mabango mawili yanayozungumza bila kusikilizana. La kwanza limepigiliwa kwenye geti la nyumba ya zamani yenye paa la vigae: ilani kwamba mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja hadi gorofa za familia nyingi. La pili limefungwa kwenye ua wa jirani, herufi kubwa nyekundu: wakazi tunapinga. Kati ya mabango hayo kuna swali ambalo si la mawakili peke yao. Ni nani ana haki ya kusema mtaa umejaa?

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaopinga. Ni rahisi kuwacheka, eti ni mabwenyenye wanaolilia miti. Lakini hebu fikiria ploti ya nusu eka iliyokuwa na familia moja, mbwa wawili na mwembe. Sasa imebeba gorofa 15. Bomba la majitaka ni lile lile. Barabara ni ile ile. Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kwa hivyo kila jengo linachimba kisima chake, na visima vyote vinanyonya chini ya ardhi moja. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakizama kwenye bustani yanateremka lami hadi kwa walio bondeni. Kulalamikia hayo si maringo. Ni kusema kwamba kile mtu anachojenga kwake hakiishii kwake.

Na yule developa anayejitetea kwamba vijana wanahitaji mahali pa kuishi, tumuulize: kijana gani? Wewe ambaye mshahara unaingia tarehe 30 na kufikia tarehe 5 unaomba salio, ni wewe anayekuongelea? Gorofa yenye bwawa la kuogelea juu ya paa haikujengwa kwa sababu kuna mtu analala vibaya Kawangware. Umaskini wa wengine usigeuzwe kibali cha ujenzi.

Kufikia hapo niko upande wa wakazi. Shida inaanza pale wanaposema wanalinda “sura ya mtaa” bila kuuliza sura hiyo ilichongwa na nani.

Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua sehemu zilizoinuka, zenye miti, magharibi na kaskazini mwa mji. Wahindi wakapewa zao, kama Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, na mwanamume Mwafrika hakutembea bila kipande. Ile ploti kubwa yenye bustani pana, ule ukimya wa jioni, vilikuwa sehemu ya mpango huo. Mwafrika aliyelala huko kihalali alilala nyuma, kwenye kijumba cha mtumishi, karibu na kamba ya nguo. Kijumba hicho bado kipo. Tunakiita SQ, na wengi wetu tumewahi kukipanga.

Wapo wanaosema basi, mtaa uliozaliwa na ubaguzi haustahili kulindwa, acha gorofa zije. Mimi sikubali. Mti aliopanda mkoloni haukuapa kumpa kivuli yeye tu, na kuukata hakumlipi fidia mtu yeyote. Lakini pia sikubaliani na wanaodhani uhuru ulipokuja historia ilifutwa, na kilichobaki ni mali safi. Kitu kilichopatikana kwa kuwafungia wengine nje hakiwezi kulindwa kwa kuongeza kufuli. Kinaweza kulindwa kwa njia moja pekee: kuongeza watu kwenye meza inayoamua.

Hapa ndipo lugha yetu inatusaidia. Tuna neno mwenyeji. Ukilisikiliza vizuri unasikia mwenye mji ndani yake, si mwenye nyumba wala mwenye hati. Na tuna methali inayoeleza mtu anakuwaje mwenyeji: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haisemi siku ya tatu muuzie shamba. Jembe, yaani kazi ya pamoja, ndilo linalomtoa mtu ugeni.

Sasa tupime vyama vya wakazi kwa jembe hilo. Mara nyingi mwanachama ni mwenye ploti anayelipa ada ya mwaka. Mpangaji wa SQ, ambaye ameishi hapo miaka sita, anajua mfereji gani unafurika na taa gani imeharibika, lakini haitwi mkutanoni. Mama fua anayepanda kutoka Kangemi kila asubuhi, soja wa geti, mama wa kibanda cha chapati pale kona, mtu wa boda: hawa ndio wanaoushika mtaa kwa mikono. Chama kikisema “wakazi tunapinga”, wao hawamo kwenye ile “tu”. Mbaya zaidi, wakati mwingine wao ndio wanaopingwa. Kibanda kinahesabiwa pamoja na gorofa haramu, vyote uchafu.

Mtu anaweza kuniuliza: mwenye ploti ameweka pesa zake zote hapo, atalinganaje na mtu anayeweza kuhama kesho? Ni hoja nzito. Lakini mwenye ploti ndiye hasa anayeweza kuhama akiwa na faida. Bei ikipanda vya kutosha, anauza kwa developa yule yule aliyempinga. Mama wa chapati hana cha kuuza. Mtaa ukibadilika, anapoteza kila kitu bila kulipwa hata shilingi. Aliye na hasara isiyo na fidia asiwe wa mwisho kusikilizwa.

Kenya hii imewahi kujibizana kuhusu jambo hili. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park. Mahakama ilitupa kesi yake kwa sababu, kisheria, hakuwa na msingi wa kushtaki. Kwa maneno ya mtaani: hii inakuhusu nini? Hakuwa na ploti Uhuru Park. Wala mamia ya watu waliokuwa wakilala kwenye nyasi zake saa ya lunchi hawakuwa nayo. Jumba halikujengwa, na baadaye Katiba ya 2010 ikageuza jibu la mahakama. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema anayeidai mahakamani halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu amepata hasara. Kila mtu. Hakuna neno hati hapo.

Kisha kuna neno kijiji. Matangazo ya nyumba za kifahari hulipenda, kwa maana ya utulivu na ndege. Lakini Nairobi vijiji ni Lindi, Gatwekera na Laini Saba, na chama kikubwa cha wakazi wa mitaa ya mabanda kinaitwa Muungano wa Wanavijiji. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru eneo maalumu la upangaji, na wakazi, wengi wao wapangaji, wakajipanga kwa makundi ya nyumba kwa nyumba kujadili maji, vyoo na barabara zao. Hata hivyo, Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga. Huko pia kulikuwa na sura ya mtaa: majirani, shule, duka linalokopesha. Nani kutoka mitaa yenye miti alisimamisha bango?

Sitaki chama cha wakazi kife. Nataka kiseme ukweli kuhusu jina lake. Mkutano ujao upangwe saa ambayo mama fua bado yuko mtaani, ujumbe uende hadi SQ, na ada isiwe bei ya kura. Wakikaa hivyo, huenda wakakataa gorofa 15 na kukubali nne, na kibanda kikabaki. Huenda pia wakaamua jambo ambalo mwenye ploti halipendi. Hiyo ndiyo gharama ya kusema “sisi wakazi”. Asiyeweza kuilipa aandike tu kwenye bango lake: mimi, mwenye ploti, ninapinga. Ana haki hiyo pia, lakini hapo anajisemea mwenyewe.