Je, Ni Lazima Tumwone Malkia wa Nyuki?

Mtu afugaye nyuki penye kiwanja cha nyumba yake, huko Bunju au Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, akifungua mzinga hutaka kumwona malkia kwa macho yake. Asipomwona moyo wake hautulii. Atoa sega, alirudisha, atoa jingine. Basi twauliza: je, ana haki ya kuutafuta uhakika huo?

Twauliza kwa sababu gharama yake hailipi peke yake. Nyuki wetu wa Afrika hawatulii juu ya sega kama wale wa Ulaya. Hukimbia huku na huko, hata wakaning'inia mafungu mafungu, na malkia yumo katikati yao. Mzinga ukikaa wazi, nyuki mmoja huuma, na palipoumwa hutoka harufu mfano wa ndizi mbivu, ambayo ndiyo wito wa wenziwe. Mwenye mzinga amejifunika wavu usoni. Mtoto wa jirani achotaye maji ng'ambo ya ukuta hakujifunika kitu.

Husemwa kwamba mzinga usio na malkia hupotea, kwa hiyo kumtafuta ni uangalifu. Neno hilo lina kweli yake. Lakini malkia hatoi amri. (Aristotle alidhani ni mfalme, katika karne ya 17 Jan Swammerdam, Mholanzi, alimpasua, akaonyesha kuwa ni jike.) Kazi yake ni kutaga, na kazi hiyo yaonekana hata yeye mwenyewe asipoonekana. Yai huanguliwa kwa siku 3. Ukiona yai moja moja limesimama chini ya kila tundu, wajua ya kuwa alikuwapo jana au juzi. Mayai mengi katika tundu moja ni habari nyingine: mara nyingi yametagwa na nyuki watenda kazi waliokosa malkia, nayo hutoa madume tu. Haya yote hujulikana kwa sega moja au mawili na moshi kidogo.

Kwa hiyo twaona kwamba yeye aliyekwisha kuyaona mayai, naye angali akitafuta, hawatunzi nyuki tena. Airidhisha nafsi yake, na jirani ndiye alipaye.

Ziko siku ambazo kumwona ni lazima, kama mtu atakapo kuunganisha makundi mawili, maana malkia wawili hupigana. Siku hiyo jirani na apashwe habari mapema, kazi ifanywe jioni, watoto wawe ndani, na mbuzi wafunguliwe kamba.