Je, Bata Bandia ni Hadaa?

Huko Marekani mwindaji anayeanza hushauriwa anunue bata bandia wa plastiki, awaeleze ziwani ili bata mwitu wadhani ni wenzao na kushuka. Je, Mwislamu akifanya hivyo amedanganya?

Udanganyifu tuliokatazwa ni wa kumdhulumu mtu haki yake. Haki ya bata kwetu ni kufa upesi bila mateso. Bata bandia humleta karibu, marisau yakampata sawasawa. Anayefyatua kwa mbali mara nyingi hujeruhi tu.

Hadaa iko kwingine. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfundisha Adiy bin Hatim (r.a.) ataje jina la Allah anapotupa mshale, na akimkuta mnyama amezama majini asile, kwani hajui kama aliuawa na mshale au na maji.

Basi kabla ya kuongeza bata bandia, jiulize: nina kisu, na mtumbwi au mbwa aliyefunzwa, nimfikie majeruhi kabla maji hayajamuua? Anayepiga bila hivyo, akategemea bahati, anaihadaa nafsi yake, si bata.

Wallahu a'lam.