Je, Kitu Kinaweza Kutenda Mahali Kisipokuwepo?

Sumaku huvuta chuma bila kukigusa. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kung'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu analijua jambo hili, na ni rahisi kulizoea mapema mno. Linagongana na kanuni ambayo karibu kila mtu huishika: kitu hakisogezi kingine mpaka kikiguse. Mkokoteni husukumwa, ndoo huvutwa kwa kamba, jani hupeperushwa na upepo. Sindano huirukia sumaku pasipo kamba wala upepo, na hata kipande cha karatasi kikiwekwa katikati, huvutwa vilevile.

Thales wa Mileto, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, alijibu kwamba jiwe la sumaku lina roho. Ndivyo Aristotle anavyosimulia. Jibu hilo halistahili kubezwa. Vitu visivyo hai hungoja kusukumwa, vyenye uhai huanzisha mwendo, na jiwe hili lilionekana kuanzisha mwendo. Tatizo ni kwamba roho haielezi utaratibu. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana, na hazijawahi kwenda kinyume. Mwanachuoni Mfaransa Pierre de Maricourt alieleza katika barua ya mwaka 1269 kwamba sumaku ikivunjwa, kila kipande huwa na ncha zake mbili. Tabia isiyobadilika namna hii hudai maelezo ya kanuni, si ya matakwa.

Mwaka 1600 daktari Mwingereza William Gilbert alionyesha, kwa tufe la jiwe la sumaku na sindano ndogo, kwamba Dunia yenyewe ni sumaku, na ndiyo maana dira hugeukia kaskazini. Hata yeye hakuachana na wazo la roho. René Descartes, mwaka 1644, aliikataa kabisa, akabuni chembe zenye umbo la parafujo zinazopenya kwenye vinyweleo vya chuma. Hakuna aliyewahi kuziona.

Njia iliyodumu ilitoka kwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza. Karatasi hulazwa juu ya sumaku, hunyunyiziwa unga wa chuma, kisha hugongwa kidogo kwa kidole. Chembe hushtuka, hushikana mkia kwa kichwa, na kujipanga katika mistari iliyopinda kutoka ncha hadi ncha, ikisongamana karibu na ncha na kuachana kadiri inavyokwenda mbali. Kwa Faraday, mistari hiyo ilionyesha hali ya nafasi yenyewe inayoizunguka sumaku, yaani uga. Sumaku haiendi kukivuta chuma kilichoko mbali; huibadili nafasi inayoizunguka, na chuma hutii uga uliopo pale pale kilipo.

Mpinzani anaweza kusema kwamba uga ni jina tu, kwa kuwa unga ukiondolewa hakuna kinachoonekana. Hoja nzito kuliko zote dhidi ya mpinzani huyo ni ya James Clerk Maxwell, aliyeonyesha mwaka 1865 kwamba mtikisiko wa uga wa umeme na sumaku husafiri kwa kasi ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni mtikisiko wa aina hiyo. Mwanga wa jua hutumia takribani dakika 8 kuifikia Dunia. Katika dakika hizo nishati yake imeshaondoka juani na haijafika ardhini, wala haikupotea. Imo ndani ya uga, na kinachobeba nishati si jina tupu.

Chanzo cha uga wa sumaku ya kawaida ni elektroni, ambazo kila moja ni sumaku ndogo mno. Katika shaba athari zao karibu zote hufutana. Katika chuma hujipanga kwa makundi, na makundi mengi yakielekea upande mmoja, chuma huwa sumaku. Kwa hiyo kuvunja sumaku hakutenganishi ncha zake: sumaku ndogo zimejaa kila kipande.

Fizikia ya leo haitafuti tena kamba iliyofichika ndani ya uga. Huuchukulia kuwa wa msingi. Baadhi ya wasomaji huona kwamba hapo maelezo yamekatika, kana kwamba mguso ungekuwa jibu lililo wazi zaidi. Lakini kidole kinapobonyeza meza, elektroni za pande zote mbili husukumana kwa uga wa umeme, pamoja na kanuni ya kwantumu inayozizuia kurundikana katika hali moja. Mguso wenyewe, basi, huelezwa kwa uga.