Uharamu wa Bangi na Adhabu ya Dola

Mjadala wa kurekebisha sheria za bangi nchini Kenya ukifika katika misikiti ya Timbwani, na ya Likoni kwa jumla, mara nyingi hukatwa kwa hoja moja: bangi ni haramu, na kwa hivyo anayetaka sheria ilegezwe anataka kuihalalisha. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili ambayo fiqhi, yaani elimu ya hukumu za ibada na maisha ya Mwislamu, imeyatenga tangu zamani, nayo ni hukumu ya kitendo mbele ya Mungu na adhabu ambayo mtawala ana haki ya kumpa aliyekitenda.

Madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, yanalionyesha jambo hili waziwazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipoorodhesha najisi katika kitabu chake cha Minhaj alikiwekea kileweshacho sharti la kuwa majimaji, na wafasiri wake wakaeleza kwamba sharti hilo linaitoa bangi, kwa kuwa ni jani kavu. Basi anayeswali na chupa ya mvinyo mfukoni mwa kanzu sala yake haisihi, ilhali aliyesahau humo msokoto wa bangi sala yake haiharibiki kwa najisi, ijapokuwa kuuvuta ni haramu kwake. Tofauti hiyo hufika hadi kwenye adhabu: mnywa mvinyo ana hadi, yaani adhabu yenye kiwango maalumu, ambayo kwa Mashafi ni viboko 40, lakini mtumiaji wa bangi ana taaziri, yaani adhabu ya kutia adabu ambayo kadhi huipima kwa hali ya mkosaji na kwa kile kitakachomrekebisha. Mwanazuoni Ibn Taymiyya wa Damaski hakukubali, akataka mtumiaji wa bangi naye apigwe hadi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ilimwekea mtu aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe kifungo cha miaka 10, na marekebisho ya 2022 yakaishusha adhabu hiyo hadi miaka isiyozidi 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa kijana wa maskani asiye na kazi, faini ya kiasi hicho ni kifungo kwa jina jingine, na akitoka gerezani hukosa cheti safi cha tabia njema cha polisi, ambacho mawakala wa kazi za Ghuba hukiulizia mwanzo kabisa. Adhabu inayomfungia mkosaji mlango wa riziki ya halali haiwezi kuitwa taaziri, na shehe anayeitetea kwa jina la dini anaitetea bila ushahidi wa vitabu vyake mwenyewe.

Suala la Marasta, yaani wafuasi wa imani ya Rastafari, ni zito zaidi, kwa sababu kwao bangi ni sehemu ya ibada. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitambua kwamba imani yao ni dini, na mwaka 2021 jumuiya yao ikawasilisha ombi la kupinga sheria hiyo ya bangi, ikitegemea uhuru wa kuabudu uliomo katika Katiba. Mwislamu halazimiki kuikubali ibada hiyo. Hata hivyo, kifungu cha 32 wanachokishika Marasta ndicho walichokishika wazazi wa Kiislamu walipodai binti zao waruhusiwe kuvaa hijabu shuleni, dai ambalo Mahakama ya Juu haikulikubali Januari 2019.