Njia ya Kiwanjani ni ya Nani?

Tumfikirie mama mmoja wa Maposeni, huko Songea, ambaye mwanawe arudi kutoka masomoni ng'ambo, naye ataka kumpokea Dar es Salaam. Asafiri kwa basi kutwa nzima, ashuka kituo cha Mbezi. Nauli yake yajulikana: imepangwa na serikali, na tajiri na maskini huilipa sawasawa. Lakini ndege yatua usiku, na daladala zimekwisha pungua. Dereva wa teksi atazama kwanza viatu vya mama na kikapu chake, kisha ndipo ataje bei. Aliyevuka nchi kwa heshima sasa aanza kusihi, kwa ajili ya kipande cha mwisho cha safari.

Je, jambo hili ni la starehe tu, au ni la haki? Sisi twasema ni la haki.

Jengo la tatu la abiria katika Kiwanja cha Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019, lilijengwa liweze kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Liligharimiwa na serikali, yaani kwa kodi ya wote, hata ya yule anunuaye kipande cha sabuni dukani Maposeni. Kilichojengwa na wote hakifai kuwa na njia ya wachache. Kweli, daladala za Gongo la Mboto hupita barabara ya Nyerere; lakini humshusha abiria kando ya barabara, naye humaliza safari kwa miguu, mzigo kichwani.

Wako wasemao: "Mwenye nauli ya ndege hakosi ya teksi." Neno hilo lawasahau wengi. Wako wafagizi, walinzi, wapishi na wachukuzi, ambao pengine hawajapanda ndege kamwe, bali hufika kiwanjani kila siku. Yuko mwanafunzi aliyelipiwa tiketi na wafadhili. Wako jamaa wanaongoja maiti ya ndugu yao.

Hatumlaumu dereva wa teksi. Naye ana watoto, na mwenye haraka atamhitaji daima. Lakini apandishapo bei kwa kuwa mgeni hana njia nyingine, hapo biashara imegeuka kuwa kumkaba mtu. Huko London reli ya chini ya ardhi yafika kiwanja cha Heathrow tangu mwaka 1977, wala teksi hazikufa.

Kwetu, mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, na awamu yake ya tatu ilipangwa kufuata barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Ni jambo la heri. Hata hivyo, kupita karibu na mlango si kufika mlangoni. Yawapasa wenye madaraka kuona kwamba basi laingia hadi mlangoni, usiku na mchana, na kwamba nauli imebandikwa mahali pa wazi. Nasi abiria yatupasa kumpisha mwenye mzigo, na kumwelekeza mgeni kwa ukweli.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tusianze kumpokea kwa kumnyang'anya njiani.